Moja ya Kitandani

Mlinzi wa bomba la pamoja uani alikuwa na mazoea yake: alfajiri, kabla hajavaa kandambili, alipapasa simu chini ya mto na kutuma namba moja kwa idara ya maji. Moja maana yake maji yanatoka. Mbili, hayatoki. Kwa miaka mitatu maji hayakuwahi kumwangusha, sasa atoke kwenye baridi kuthibitisha anachokijua?

Juzi alituma moja, akaenda kufungua bomba, likakohoa upepo mtupu. Idara hupokea taarifa moja tu kwa siku. Akajipa moyo: yatarudi jioni. Jana akaogopa kutuma mbili, wasije wakauliza ya juzi. Anayeripoti uongo hunyang'anywa ufunguo wa bomba. Akatuma moja tena. Uongo ni kupe, ukishang'ata haubanduki kirahisi.

Leo hakutuma kitu. Ndoo tupu zilipanga foleni hadi mlangoni pa choo cha pamoja, ambacho harufu yake sasa ilibisha hodi kila chumba.

"Umeripoti?" aliuliza fundi cherehani.

"Nimeripoti."

"Basi hiyo simu yako imeziba masikio!"

Watu wakacheka. Naye akacheka nao.

Wifi yake hakucheka. Alikuwa amempakata mwanawe anayeharisha tangu jana, macho yamezama. "Wifi, tuma mbele yetu. Tuone."

Kushoto ndoo, kulia ndoo, nyuma ukuta. Akabonyeza mbili. Haikupita dakika, simu ikaita. Wifi akaidaka, akaweka sauti ya nje.

"Idara ya maji hapa. Dada, huku inaonyesha jana na juzi ulipata maji. Bomba limekauka lini hasa? Kama ni leo, bomba limepasuka hapo kwenu. Fundi atakuja kesho kuchimba. Kama ni juzi, basi tulisahau kufungua koki kuu baada ya matengenezo ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Hiyo tunafungua sasa hivi."

Foleni nzima ikamgeukia. Mtoto alilia kilio chembamba, kisicho na machozi.

"Juzi," alisema mlinzi. "Nilikuwa natuma moja nikiwa kitandani."

Wifi alimrudishia simu, kisha akanyoosha kiganja. "Na ufunguo."

Akauvua shingoni, akampa. Haukupita muda, ukutani nyuma yake bomba likaanza kukoroma, likatema kutu, kisha maji. Alipotaka kupita aende zake, hakuna aliyesogeza ndoo.