Pini Zenye Kiuno

Shemeji yangu ni fundi wa kufuli, na majivuno yake hakuna kufuli linaloyaweza. Asubuhi ile alipokuta duka lao limefungwa kwa kufuli asilolijua, alicheka. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni namsubiri, maana dada yangu, mkewe, alinituma ujumbe: kufuli amelitengeneza mwenyewe, na kama fundi wa duka hili ni mmoja tu, basi huyo mmoja alifungue. Akilikata kwa msumeno, dada harudi nyumbani. Alikuwa amehamia kwa mama tangu wiki iliyopita.

Sababu ilikuwa ndogo, ukimuuliza shemeji. Kitasa cha mteja kilimshinda kutwa nzima, dada akakifungua kabla chai haijapoa. Mteja aliporudi kushukuru, shemeji akapokea shukrani zote, mkono kifuani, na dada kasimama pale pale. Mimi shemeji nampenda, lakini siku hiyo nilimwombea tabu kidogo.

Akatoa waya wake wenye ncha iliyopindwa na kibapa cha kusukumia silinda, kile kiini kinachozungushwa na ufunguo. Akazipandisha pini za ndani zinazoizuia, moja moja, huku akipiga mluzi. Silinda ikazunguka kidogo.

"Unaona?" akaniambia.

Ikakwama. Akasukuma kwa nguvu, ikakwama zaidi. Mluzi ukaisha. Akasema kuna pini yenye kutu. Nikamwambia ni ajabu kweli, kufuli jipya kuzaliwa na kutu, nikamuuliza kama nimletee kiti. Mshonaji wa duka la jirani alikuwa amesimamisha cherehani ili atazame vizuri, na kila shemeji alipofuta jasho alimpa pole ambayo haikuwa pole.

Shemeji akainamisha sikio. "Kazichonga viuno," akanong'ona.

Hilo nililijua, dada alishanieleza. Pini iliyopunguzwa katikati hunasa, silinda ikazunguka kidogo kukuhadaa, na ukizidi kusukuma nayo inazidi kung'ang'ania. Dawa yake ni kulegeza mkono uiache silinda irudi nyuma, hata kama unaona kazi yako yote inapotea. Ndivyo dada alivyokifungua kile kitasa, na shemeji aliona kwa macho yake. Ila mkono wake haujazoea kurudi nyuma, na mwenyewe ndivyo alivyo.

"Legeza, shemeji," nikamwambia. "Hutakufa."

Akalegeza. Silinda ikarudi, pini moja ikapanda, nyingine ikaanguka, akaipandisha upya, taratibu. Kufuli likafunguka.

Mshonaji akapiga makofi, akasema yale anayosema siku zote, kwamba fundi huyu hashindwi na kufuli. Nikamtazama shemeji. Mdomo ulishaanza lile tabasamu lake la kupokea sifa, nikajiuliza ningempelekea dada jibu gani.

Akalipima kufuli kiganjani.

"Hili lilinishinda," akasema. "Ni kazi ya mke wangu. Na namna ya kulifungua, yeye ndiye aliyenionyesha."

Pazia la mshonaji likasogea. Dada akatoka, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Kumbe alikuwa mle muda wote, na mimi najichosha na ujumbe wake.

"Rudia," akasema. "Mshonaji ana kelele za cherehani, hasikii vizuri."

Shemeji akarudia, mpaka wa ng'ambo ya barabara wakasikia. Dada akapita mbele yake, akaingia dukani, akawasha taa.