Uzio wa Bwana Wiechers

Supu ya viazi ilikuwa imepoa mara ya pili, na Torben Ahlers hakuwa na hamu ya kuipasha moto tena. Mama yake, Bi Irmtraud, alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, mikono ameifunga kifuani kama mtu aliyekatiwa foleni.

"Mama, kula hata vijiko viwili."

"Kula wewe."

"Mimi nimeshakula."

"Basi mpe mbwa."

"Hatuna mbwa, mama."

"Ndiyo maana chakula kinabaki."

Torben akalichukua bakuli, akasimama nalo jikoni, akatamani kulirusha kwenye sinki pamoja na kijiko. Hakulirusha. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kutafuta hitilafu ilipo na kuirekebisha, na kilichomkera zaidi ni kwamba hitilafu hii aliijua, ilikuwa hatua chache tu kutoka pale aliposimama, nayo haikuwa mali yake.

Kabla hajavunjika nyonga, Bi Irmtraud aliishi dirishani. Dirisha la ghorofani, kiti chenye mto, chai pembeni, na chini yake mtaa wote wa Niendorf, Hamburg, upande ule: nyumba za matofali mekundu, bustani zilizonyolewa, kituo cha basi pale kwenye kona. Mama yule alijua nani karudi na nani, nani kabadilisha pazia, nani kapitisha baiskeli kwenye njia ya waendao kwa miguu. Baada ya nyonga, ngazi zikamshinda. Torben akahamia kwake, akamshushia kitanda katika chumba cha chini. Dirisha la chumba kile lilitazama uzio wa miti wa jirani, Bwana Wiechers. Miti ile haipukutishi majani hata wakati wa theluji. Kwa miaka miwili ilipanda, ikanenepa, ikashikana, hadi dirisha likabaki kama picha ya giza iliyotiwa fremu nyeupe.

Mwanzoni mama alilalamika kutwa. Kisha akanyamaza, na Torben, Mungu amsamehe, akafurahi kupata utulivu. Hakuelewa alichokuwa anakiona. Mama aliacha kuuliza leo ni siku gani. Akaacha kuchana nywele. Mwishowe akaacha kula.

Daktari alimpima, akamchukua Torben kando, mlangoni. "Mwili hauna tatizo kubwa," alisema. "Mtafutie sababu ya kuamka. Na usichelewe."

Naye alikuwa karibu kuchelewa. Mwezi wa Machi ukiingia, hakuna ruhusa ya kupunguza uzio wa miti mpaka Septemba iishe, kwa ajili ya ndege wanaotaga. Torben hakuwa na ugomvi na ndege. Lakini alipomtazama mama yake mabegani, pale mifupa ilipoanza kuchomoza chini ya sweta, hakuona ni wapi mwili ule ungepata nguvu ya kuifikia Oktoba.

Ijumaa jioni akaenda kwa Wiechers. Mzee alikuwa langoni akipangusa kitasa kwa kitambaa. Alikuwa ofisa wa forodha kabla ya kustaafu, na bado alimtazama kila mgeni kana kwamba ana kitu ndani ya begi.

"Bwana Wiechers, nakuomba nipunguze uzio wako, upande wa dirisha la mama. Kazi nitafanya mwenyewe."

"Nitafikiria."

"Februari inaisha keshokutwa."

"Kalenda ninayo, Torben."

"Na keshokutwa ni Jumapili."

"Nayo najua." Akakunja kitambaa mara nne. "Nimesema nitafikiria."

Alifikiria mpaka Jumamosi karibu na adhuhuri. Ndipo alipokuja, akapiga kengele ingawa mlango ulikuwa wazi, akasema sawa, lakini takataka zote ziondolewe, mizizi isikanyagwe, na yeye mwenyewe awepo kazi ikifanyika. Torben akakimbilia banda la vifaa. Alipomaliza kutoa ngazi, mashine ya kukatia na waya wake mrefu, saa saba mchana ilikuwa inagonga, na saa saba hadi saa tisa katika mitaa ile watu hupumzika. Hakuna bango linalosema hivyo. Ni jambo la malezi tu. Mtu aliyekulia Niendorf akiwasha mashine saa nane mchana, mkono wenyewe unakufa ganzi.

Basi Torben akakaa jikoni na glavu zake mkononi. Nje kulikuwa na jua la baridi, kavu, safi, hali ya hewa ya kuombea. Dakika zikapita. Aliuona upande wa pili wa kioo mgongo wa Wiechers, naye amevaa mabuti, amekaa sebuleni kwake hana anachofanya. Saa tisa ilipotimia Torben aliinuka, akatoka, akachomeka waya, na tone la kwanza likamwangukia puani. Ikanyesha mvua iliyochanganyika na theluji, ya kuelea huku na huko, isiyo na haraka, hadi giza likaingia. Mashine ya umeme haishikwi katika maji.

Wiechers akaja na mwavuli. "Kwa nini hukuanza mapema?"

"Nilikungoja upumzike."

"Mimi? Sijalala mchana tangu nizaliwe."

"Sasa si ungeniambia, Bwana Wiechers."

"Nilidhani amelala mama yako."

Sauti ikatoka dirishani, nyembamba lakini kali. "Nani amelala? Sijapata usingizi tangu Jumatano."

Wanaume wale wawili wakatazamana chini ya mvua. Saa mbili nzima za jua, kila mmoja amejiandaa kwa kazi, amekaa kimya, akilinda usingizi wa mtu aliyekuwa macho. Torben hakujua acheke au atukane. Akakunja waya, akaingia ndani bila kuaga.

Jumapili kulikucha kukavu. Jumapili mashine haiwashwi, hilo si la kujadiliwa, hata jiwe linalijua. Torben akatoa mkasi mkubwa wa bustani na msumeno wa mkono, akaegemeza ngazi, akaanza. Tawi la kwanza lilikuwa nene kama kifundo cha mguu. Kengele za kanisa zilikuwa zinalia, akashukuru, zilimfunikia sauti ya msumeno. Kisha zikanyamaza.

"Leo Jumapili, Torben."

Alikuwa Bi Kruse wa namba kumi na moja, na mbwa wake mfupi mwenye koti.

"Najua, Bi Kruse."

"Nasema tu."

"Umeshasema."

"Msumeno unasikika mpaka kwenye kituo cha basi. Mimi binafsi haunisumbui. Nasema tu kuna watu."

"Watu gani?"

"Watu," alisema Bi Kruse, akabaki palepale, maana sasa palikuwa na cha kutazama.

Torben akakata. Mikono ilimuwaka, majani yalimwingia shingoni, na uzio ulikuwa mnene kiasi kwamba kila shimo alilofungua lilionyesha majani mengine nyuma yake. Ndipo mlango wa Wiechers ulipofunguka. Mzee akaja kwa viatu vya ndani, akasimama chini ya ngazi.

"Acha," alisema.

Torben akashuka. Alishuka polepole, kwa sababu mkononi alikuwa na msumeno na hakujiamini.

"Sikiliza, Bwana Wiechers. Nimekuomba kwa adabu Ijumaa. Nimekungoja Jumamosi kama mjinga. Leo ni siku ya mwisho, na mama yangu anakufa huku akitazama majani yako. Ukitaka kuita manispaa, waite. Ukitaka kuita polisi, mpe Bi Kruse simu, naona yuko tayari. Lakini mimi siachi."

"Unajua kwa nini nimeuacha uzio huu ukue?"

"Uvivu."

Mzee akatabasamu kidogo, tabasamu lisilo na furaha. "Miaka thelathini mama yako alinihesabia takataka zangu kutoka dirisha la juu. Thelathini. 'Wiechers, chupa hiyo si pale.' 'Wiechers, unaosha gari uani, sabuni inaingia ardhini.' Siku ya maziko ya mke wangu, nimerudi na suti nyeusi, ananiambia pipa langu limeziba njia. Aliposhuka chini, nikafungia mkasi kabatini, uzio nikauacha ukue. Kwa miaka miwili hii naosha gari langu. Natupa kopo la mtindi na kifuniko chake cha bati kikiwa bado kimeshika. Hata sikitenganishi, ingawa kila taka ina pipa lake. Hujui raha yake."

Bi Kruse alitingisha kichwa taratibu, kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe yakisemwa na mwingine. Torben aliliona lile tingisho, na kwa mara ya kwanza ikamjia kwamba pengine mtaa mzima ulikuwa umeupenda uzio ule.

Alichoka. Alichoka na mama yake, na mtaa, na makopo ya mtindi. "Sasa kama ni hivyo, jana ulinikubalia kwa nini?"

Wiechers akaangalia viatu vyake vya ndani, vilivyoanza kulowa. "Januari niliteleza kwenye barafu, pale kwenye mapipa. Mguu ukakataa kuinuka. Nikalala chali mpaka akapita mtu wa magazeti." Akainua kidevu kuelekea ghorofani. "Nilikuwa natazama dirisha lile la juu. Pazia limefungwa. Nikajiambia, Irmtraud angekuwapo angenicheka kwanza. Angenicheka sana. Halafu angepiga simu."

Mbwa wa Bi Kruse alipiga chafya.

"Basi kwa nini unaniambia niache?"

"Kwa sababu unakata ovyo. Unatoboa huku juu, yeye kichwa chake kiko wapi? Utamaliza siku nzima umfungulie mawingu." Akageuka. "Nionyeshe kitanda."

Wiechers alikuwa hajaingia katika nyumba ile tangu alipokufa baba yake Torben. Alivua viatu mlangoni, akapita ukumbini kwa soksi, akabisha hodi kwenye chumba kilichokuwa wazi. Bi Irmtraud akageuza shingo kutoka ukutani.

"Huyu anataka nini chumbani kwangu?"

"Napima," alisema Wiechers. Akapiga magoti kando ya kitanda, kwa shida, akashika ukingo wa godoro, akainamisha kichwa hadi kikawa sawa na cha mama, karibu na mto. Wazee wawili wakatazama dirisha upande mmoja, mashavu karibu yagusane.

"Umekonda," alisema mzee.

"Na wewe unanuka kitunguu."

"Nimekula saladi ya samaki na kitunguu. Wewe umekula nini?"

Mama akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Torben!" aliita mzee kupitia dirishani. "Shuka. Chini zaidi. Usawa wa kifua chako. Hapo. Sasa kushoto."

Torben alikata kwa kuamrishwa na mtu aliyepiga magoti. Kushoto, chini, tawi hilo si lenyewe, lile la nyuma yake, wewe una macho au vifungo. Akaacha kuhesabu watu waliopita na kusema leo Jumapili. Msumeno ulipokwama alivuta kwa mikono, na ulipokataa alivuta kwa hasira, na hasira alikuwa nayo ya kutosha. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nyuma ya mapaa pale tawi moja kubwa lilipong'oka na kumwangusha chini, na mahali pake pakabaki mwanga.

Kupitia tundu lile, kubwa kama mlango wa jiko, palionekana uwanja wa mbele wa Wiechers, mapipa yake, kipande cha barabara.

Torben alikaa chini pale pale kwenye matawi, akasubiri. Ndani kulikuwa kimya. Akafikiri: nimechelewa. Nimekata mti wa watu bure.

"Gari lile," ilisema sauti ya mama yake.

"Gari gani?" aliuliza Wiechers.

"Lile la buluu, la namba za Pinneberg, si za hapa mjini. Limepanda kwenye njia ya watu. Mama mwenye kigari cha mtoto atapita wapi? Juu?"

"Lile la mgeni wa Bi Kruse."

"Mgeni wa Kruse. Nilijua. Nani mgeni huyo? Tangu lini?" Kitanda kikalia. "Nyanyua mto huu. Hapana, si hivyo, mwanaume hujawahi kunyanyua mto? Torben! Niletee miwani. Na mkate, wa shayiri, na jibini. Usikate nyembamba, mimi si ndege."

Bi Kruse, aliyekuwa bado njiani, akamvuta mbwa wake, akaondoka haraka kuelekea kwenye gari la buluu.

Torben aliingia jikoni na mikono iliyokwaruzika, akakata mkate, akaupaka siagi mpaka kingoni. Alisikia sauti mbili zikibishana chumbani: pipa la karatasi lina maboksi yasiyokunjwa, ni yangu na yatakunjwa kesho, kesho umesema tangu mwaka juzi. Alipomkabidhi sahani, mama alichukua kipande bila kumtazama, akakiuma, akatafuna huku macho yake yakiwa nje. Wiechers, bado yuko sakafuni, alimtazama Torben kwa uso wa mtu aliyefungua tena mlango wa ngome kwa mkono wake mwenyewe.

"Imeanza," alisema mzee kwa unyonge.

"Kushoto hakutoshi," alisema mama, mdomo umejaa. "Kituo cha basi sikioni. Basi likija nitajuaje nani kashuka?"

"Mama, giza linaingia."

"Kesho ni Machi. Sheria ni sheria."

Torben akatazama mikono yake, akamtazama mama yake, makombo yakiwa yamemjaa kidevuni. Akachukua msumeno, akarudi nje kwenye baridi, akapanda ngazi akilaani kila tawi, kila jirani na kila ndege wa Hamburg, kwa sauti ya chini, maana ilikuwa Jumapili.