Eda ya Bi Mejumaa

Mama alikuwa katika mwezi wa pili wa eda aliponiuliza ni watu gani hao ninaowatazama kutwa kwenye kompyuta. Nilihamia kwake mtaa wa Kuze tangu Baba alipozikwa, nikamwacha mume wangu Taha kule Bondeni na masufuria yake, na mchezo ule ndio ulionituliza kila nilipomaliza kazi za nyumbani. Nikamweleza kwamba ni mchezo wa maisha. Unaumba familia, unawajengea nyumba, nao wanakula, wanagombana, wanazaa, wanazeeka. Mimi nilikuwa nimejiwekea masharti yangu: familia moja, nyumba moja, vizazi kumi. Haruhusiwi mtu kuhama, wala situmii zile mbinu za kujipatia fedha za bure.

"Na ukivunja sharti, mwenye mchezo yuwakufanya nini?"

"Hanifanyi kitu, Mama. Najichunga mwenyewe."

"Hilo ndilo sharti hasa," akasema, akasogeza kiti.

Siku hizo kilichonikosesha raha kilikuwa ni Kaka Ziad. Ana fleti Mbaraki, ghorofa ya nne, yenye lifti na maji yasiyokatika, na alikwisha kuamua kwamba eda ikimalizika Mama atahamia kwake na nyumba ya Kuze itapangishwa. Mimi nikasema labda niwe nimekufa. Nyumba ile Mama aliingia akiwa bi harusi, nami nilizaliwa chumba cha juu. Nilikuwa nimeshajipangia kimoyomoyo kwamba nitakaa naye palepale, na Taha atakuja kutuona mpaka azoee. Tukawa tunagombana jikoni kwa sauti ya chini ili Mama asisikie. Mama alikuwa akisikia yote.

Hazikupita siku nyingi akaanza kuniongezea masharti. Katika mchezo ule majirani hujiingilia tu, wakaenda moja kwa moja kwenye friji. Mama aliona ni balaa.

"Nyumba gani isiyo na hodi?" akauliza. Basi kila aliyeingia bila kubisha tukamtoa nje aje upya. Jirani mmoja wa mle, jina lake Jared, tulimrudisha mlangoni mara nyingi hata akanuna, na Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Kizazi tulichokuwa nacho wakati huo kilikuwa cha mzee Kalama na mkewe, Bi Mejumaa. Alasiri moja Kalama akaanguka karibu na meza ya chakula. Katika mchezo, mauti huja amevaa joho jeusi, na mke anaweza kumsihi amwongezee mumewe siku. Ni kubonyeza tu, na kidole changu kilikuwa tayari.

"Huyo yuwaombwa nini?" Mama akauliza.

"Amwache mumewe kidogo."

"Usimwombe. Siku zake zimetimia."

Nikaondoa kidole, Kalama akaenda. Mama alitazama pale alipoangukia, kisha akajifunika uso kwa mtandio wake mweupe akalia. Siku ya maziko hakulia, maana alishughulika kuuliza kama wageni wamepata chai. Nikamkumbatia, nikalia naye, na kompyuta ikaendelea na muziki wake wa kitoto mpaka nikaifunika.

Kesho yake tulipofungua, Bi Mejumaa alikuwa amevaa gauni jekundu, yuwatoka kwenda kucheza dansi.

"Mshike huyo!" Mama akapiga kelele.

Ndivyo Bi Mejumaa alivyokalishwa eda. Tukambadilisha nguo, tukamwondolea wanja na rangi ya midomo, tukafunga mlango wa nje. Mama akaamua kwamba watatoka siku moja, yeye na Bi Mejumaa. Haukupita muda Jared akaja na keki, alama za moyo zikimwelea juu ya kichwa.

"Huyu hana kwao?" Mama akasema. "Mwanamke yuko edani, yeye yuwaleta keki!"

Jared akala keki yake barazani.

Pembeni mwa kioo kulikuwa na viduara vidogo, na siku moja Mama akaviulizia. Nikamwambia ni matakwa ya Bi Mejumaa: anataka kupanda maua, anataka kumpigia rafiki yake simu.

"Kwa hivyo yuwaulizwa."

"Haulizwi, Mama. Yanajitokeza tu."

"Hata hivyo. Yuko mtu ayasomaye."

Tangu hapo hakuniruhusu kumfanyia Bi Mejumaa lolote kabla sijamsomea viduara vile. Mimi nikadhani ni sharti jingine la mchezo.

Eda ikaisha. Mama mdogo Maisara alikuja asubuhi kumsaidia dada yake kuoga na kumfukiza udi, akamtia maua ya asmini kichwani. Mama akavaa dera la kijani akashuka, na kusema kweli nilikuwa nimesahau jinsi alivyo mzuri. Ziad naye akaingia, gari lake amelikosea pa kuliweka ila kule barabarani. Akambusu Mama mkono.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika masanduku mawili matupu. Nilipoyaona damu ikanipanda.

"Hayo uyarudishe ulikoyatoa!"

"Nabiha, tusianze. Ngazi hizi ataanguka siku moja."

"Na kule Mbaraki atazungumza na nani, na lifti?"

"Hapa atatunzwa na nani?"

"Na mimi! Mimi siondoki hapa!"

Safari hii hatukukumbuka hata kushusha sauti. Tulikuwa tumesimama yeye huku, mimi huku, Mama katikati na asmini zake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akimtazama. Akatuacha, akaenda kuketi mbele ya kompyuta.

"Nabiha, nifungulie Bi Mejumaa. Leo ni siku yake."

Nikamfungulia huku nimevimba.

"Yuwataka nini?"

"Anataka kupaka chumba rangi. Anataka kwenda kumtembelea rafiki yake."

"Mpe."

Nikafungua mlango wa nje. Bi Mejumaa akatoka, akasimama uani kidogo, akashika njia. Mama alimfuata kwa macho mpaka alipopotea, halafu akatugeukia.

"Huyu ni picha tu, hana roho, na hatujamgusa bila kutazama alitakalo. Mimi nimezaa wawili. Ni nani katika nyinyi aliyeniuliza?"

Ziad akayaweka masanduku chini. Mimi niliona haya hata nikashindwa kuinua uso. Miezi yote ile nilikuwa nikimpigania Mama, na hata siku moja sikuwahi kumuuliza kama ndivyo atakavyo.

"Wataka nini, Mama?" Ziad akauliza taratibu.

"Mbaraki ni kuzuri, na mkeo Amatullah ana adabu zake, sina neno naye. Lakini kule ni kwa Amatullah. Nikitaka kuingia jikoni ntabisha hodi, nikitaka kumkaribisha mtu ntabisha hodi. Sitaki kuzeeka nikibisha hodi. Ntakaa hapa. Ngazi zikinishinda, chumba cha chini kipo."

"Nilisema mimi!" nikaruka.

"Na wewe urudi kwako Bondeni."

Nikadhani anatania.

"Una mume, Nabiha. Na mimi sina eda tena ya kukalishwa. Nataka nisikie miguu yangu mwenyewe ndani ya nyumba yangu."

Ziad alijitahidi kujizuia, akashindwa, akacheka. Akayaokota yale masanduku mawili akanipa.

"Chukua. Nguo zako ni nyingi."

Nikaondoka jioni ile ile. Taha alifurahi kuniona, na masufuria pia, maana yalikuwa yameungua yote.

Siku chache baadaye nikamletea Mama mahamri. Nilipofika nikausukuma mlango kwa bega kama nilivyousukuma tangu utotoni, nao haukwenda. Ulikuwa umefungwa kwa komeo. Nikasimama kizingitini na kikapu changu, na dirisha la chumba cha chini likinitolea harufu ya rangi mbichi. Iliniuma, sitaficha. Nyumba niliyozaliwa, na mimi niko nje yake.

Nikavuta pumzi.

"Hodi," nikasema.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama. Nabiha."

Nikasikia miguu yake ikija polepole, bila haraka yoyote, kisha komeo. Akafungua. Alikuwa na rangi ya samawati vidoleni na nyingine kwenye shavu, na nyuma yake nyumba ilikuwa kimya.

"Karibu, mwanangu," akasema, akanipisha nipite.