Mama Byamungu Anakataa Chakula

Mfungo wa Januari ulikwisha, waumini wakarudi mezani, ila Mama Byamungu. Jioni ile Joyeuse alimpikia mama mkwe wake sombe, yaani kisamvu, kwa mawese na sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwani, chakula ambacho kule Bukavu kingemwinua mgonjwa kitandani. Mama Byamungu alimega tonge la bugali, akalizungusha kwenye mchuzi, kisha akaliacha ukingoni mwa sahani kama mtu anayeweka kokoto.

"Nimeshiba," alisema.

"Mama, haujakula kitu."

"Tumbo ni yangu, mwanangu. Mi ndiye najua."

Birindwa, mume wa Joyeuse, hakuinua macho. Alikuwa amekwisha vaa jaketi la ghala alilofanyia kazi huko Eagan, ughaibuni walikohamia, na alikula upesi kama mtu asiyetaka kuulizwa neno.

Aliyekulia kwingine angeona ni mzee aliyekosa hamu, basi. Joyeuse alikulia Bukavu. Kule mwenye nyumba hufungua kinywaji mbele ya mgeni, akanywa yeye kwanza, ili mgeni aone hakuna kitu ndani. Mtu akikataa chakula chako siku moja, labda anaumwa. Akikikataa majuma na majuma, kuna neno anakwambia bila kulitamka: mkono wako una sumu.

Mama Byamungu akakonda. Vitenge vikamlegea, shingo ikatokeza mishipa. Kanisani alisimama akashuhudia kwamba Bwana amemtua mzigo wa mwili kwa njia ya mfungo, na sasa daktari, aliyekuwa amegoma kumpasua magoti mpaka apungue, hana sababu tena. Watu walipiga makofi, mchungaji akasema amina mara mbili. Lakini juma lililofuata wanawake walimsikia akitapika msalani katikati ya ibada. Juma la pili vilevile.

Baada ya ibada, Mama Eliezer, kiongozi wa akina mama, alimshika Joyeuse mkono.

"Mwanangu, mama anatapika. Anakula wapi?"

"Nyumbani."

"Kwako?"

"Kwangu, mama."

"Haya," Mama Eliezer alisema kwa upole, akauachia mkono ule kidole kimoja kimoja.

Tangu siku hiyo chakula ambacho Joyeuse alipeleka kanisani kilirudi kama kilivyokwenda. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu, wakamwuliza habari za kazi, wakampisha njia kwa adabu iliyozidi kipimo. Alijua mambo hayo huishia wapi. Shangazi yake mwenyewe alirudishwa kwa wazazi kwa neno lililoanza hivyohivyo, kwa kunong'onwa, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumwoa tena. Na Birindwa, aliyekuwa akimtania jikoni, sasa alikuwa akimsubiri yeye mwenyewe aonje kwanza.

Jumamosi moja Joyeuse alisafisha friji. Nyuma kabisa, nyuma ya mifuko ya pilipili, palikuwa na kopo la zamani la siagi. Alilifungua ili alitupe. Ndani, chini ya kitambaa, palilala kichupa cha kioo chenye kizibo cha mpira, maji meupe nusu, na sindano nyembamba. Hakikuwa na jina la kampuni wala maelezo.

Alikuwa amesoma chuo, alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, na sindano alizishika kila siku. Lakini hakuna hata somo moja lililomjia kichwani. Lililomjia lilikuwa sumu. Halafu: yangu mimi, ya kuniua. Aliikumbuka chai ambayo Mama Byamungu alimwandalia asubuhi ile, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Alimwaga mchuzi wote uliokuwa kwenye sufuria, akasugua vikombe kwa maji ya moto, akakifunga kichupa kwenye glavu na kukitia mfukoni mwa koti. Kisha akaenda kazini.

Alimwonyesha Jeptoo, muuguzi Mkenya wa zamu yake. Jeptoo alikiinua kichupa kwenye mwanga, akacheka.

"Wee, na hii umeitoa wapi? Unataka kukonda ubaki nini, mifupa?"

"Ni sumu?"

"Sumu gani? Ni ile dawa ya kupunguza uzito. Sikiza. Seli zako ziko na vipokezi, kama vitasa vya mlango. Ukikula, mwili unatoa homoni, inaingia kwa kitasa kama ufunguo, ubongo unaambiwa umeshiba. Hii dawa ni ufunguo wa kuigiza. Inaingia halafu haitoki haraka. Unakaa umeshiba hata kama hujakula."

Joyeuse alikigeuza kichupa. "Mbona haina jina?"

"Kwa sababu si ya duka. Ile ya duka bima ikikataa, bei utalia. Sasa watu wanauziana hizi za kuchanganya. Kila kanisa liko na mtu wake. Huko Blaine kuna mama anaitwa Mumbi. Zamani aliuza nguo kwa gereji ya nyumba yake, sasa ni friji ya dawa tu. Anasema nguo zilikataa kuuzika, wateja wake wote wamekonda."

"Mama mkwe wangu anatapika. Midomo imemkauka."

Kicheko kikamtoka Jeptoo usoni. "Basi anajiongezea. Aache leo, na aonwe na daktari leo, si kesho. Maji yakiisha mwilini, figo zinakufa, dada."

Joyeuse aliomba ruhusa, akarudi nyumbani. Mlangoni alikuta viatu vya Mama Eliezer vimepangwa sawasawa. Ndani, Birindwa alikuwa ameketi kati ya Mama Eliezer na mama yake, mikono kwenye magoti. Mama Byamungu alikuwa ameegemea mto, ngozi yake rangi ya majivu.

"Afadhali umefika," Mama Eliezer alisema. "Tulitaka tuongee kama familia."

"Mama anahitaji daktari kwanza."

"Tumeketi hapa tangu saa sita, haukuwa na haraka. Sasa una haraka. Kwani unajua alichokula?"

Mkono wa Joyeuse ulikuwa mfukoni, umekizunguka kichupa. Angekiweka mezani na jina lake lingesafika papo hapo. Lakini alimwona mkwe wake amesimama tena mbele ya kanisa zima, na makofi yale, na akaona jinsi yatakavyogeuka kicheko. Mkono haukutoka.

"Najua," alisema.

Birindwa aliinua macho. "Unajua nini?"

"Mama ataeleza."

Mama Byamungu aligeuza kichwa kwenye mto. "Ulifungua boîte yangu ya siagi."

"Ndiyo, mama. Nilidhani umeniwekea mimi."

"Mi nikuue wewe?" Mzee alikohoa, au alicheka. "Nani atanipikia?"

"Kwani unakula?"

Mama Byamungu akafunga macho.

"Nimejidunga," alisema. "Dawa ya Mumbi, yule wa Blaine. Aliniambia mara moja kwa juma. Lakini siku ya magoti inakaribia, nikaongeza, tena nikaongeza."

"Lakini ulishuhudia," Mama Eliezer alisema.

"Nilishuhudia kwamba nimepungua. Nimepungua ao sikupungua?" Alipumzika apate pumzi. "Na huyu mtoto mlianza kumwita mrozi, mtu wa sumu. Nilisikia. Nikanyamaza, maana ningesema, mngenicheka. Hiyo ndiyo dhambi, si sindano."

Birindwa alitoka kwenda kupasha gari moto. Hakumtazama mkewe machoni, ila alipopita alimgusa bega, kwa woga, kama mtu anayejaribu jiko kama limepoa. Alirudi akamshika mama yake, wakateremka ngazi polepole, hatua baada ya hatua.

Mama Eliezer alibaki ukumbini, akikawia na vifungo vya koti. Joyeuse aliona kwamba pete yake ya ndoa ilikuwa imezungushiwa uzi, isidondoke kwenye kidole kilichokonda.

"Mwanangu," Mama Eliezer alisema, kwa sauti ileile ya upole, "huyo Mumbi, ni Blaine upande gani?"

"Sijui, mama. Na umeona ilivyomfanya."

"Yeye alizidisha. Mi sizidishi. Nauliza tu. Haujui, ao unanificha?"

"Jumapili utawaambia akina mama kwamba sikumpa mama kitu?"

"Nitawaambia." Kisha akafikiri. "Lakini nitawaambiaje bila kutaja dawa?"

"Itaje. Mwenyewe ameitaja mbele yako."

Mama Eliezer alimaliza vifungo. Alivuta kofia masikioni na kuangalia ngazi, kisha akamwangalia Joyeuse, kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla ya kukinunua. Chini, Birindwa alipiga honi. Walitoka, Joyeuse akafunga mlango, akasimama kando ya ngazi.

"Tangulia, mama," alisema, kwa sababu hakutaka kumpa mgongo.