Mchota Mkojo wa Thrandlow

Lionel Cattermole alihamia kijijini kwetu Thrandlow, huku Suffolk, baada ya kuuza kampuni yake ya vyoo, na hakumaliza wiki kabla hajaanza kututafutia babu yake. Nasema kututafutia kwa sababu hakuna aliyesalimika. Umeingia dukani kununua maziwa, yeye anakushika mkono wa koti na kukuuliza kama umewahi kukitazama vizuri kile kibao cha shaba sakafuni mwa kanisa, kushoto kwa madhabahu, chenye sura iliyochongwa na jina la Thomas Cattermole, Muungwana, aliyefariki mwaka 1612. Tulikuwa tumekitazama. Tumekikanyaga maisha yetu yote.

"Jina ni lile lile," anakwambia, ameshusha sauti kama anayetaja maradhi. "Na hii pua. Hebu tazama hii pua."

Thomas wa kwenye kibao hana pua. Kichwa chote kilishafutika kwa nyayo zetu, imebaki mikono miwili ya kusali na kola. Lakini utambishia vipi mtu aliyekwisha kulilipia kanisa paa jipya?

Mkewe, Verity, alikuwa mpole, mtu wa kucheka kidogo kidogo na kutazama pembeni. Siku moja alituambia, wala hakuulizwa, "Lionel ameuza vyoo miaka thelathini. Sasa anaona ni zamu yake kukaa pazuri." Hatukumwelewa vizuri, ila tulicheka.

Kazi ya kumtafuta babu alipewa Hester Kerridge. Hester alikuwa mwalimu wa Kilatini kabla hajastaafu, na katibu wa Chama cha Historia cha Thrandlow, chama chenye wanachama kumi na mmoja na ugomvi wa kuwatosha wanachama mia. Mwandiko wa zamani, ule ambao kwako wewe na mimi ni kama kuku amekanyaga wino, yeye aliusoma huku anakunywa chai. Alijua kwamba anajua, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kualikwa. Ukimwandikia barua ya pole kwa msiba, angekushukuru na kukuonyesha ulipokosea koma.

Njia yake ilikuwa moja: huanzii kwa babu unayemtaka ukashuka, unaanzia kwako mwenyewe ukapanda. Cheti cha kuzaliwa cha Lionel kikampeleka kwa baba, baba kwa babu, na zilipokwisha karatasi za serikali akaingia katika vitabu vya parokia, ambamo makasisi waliandika waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Alipanda vizuri mpaka akafika kwa Robert Cattermole, aliyemwoa Joan katika kanisa letu mwaka 1668. Hapo akakwama. Huyo Robert alizaliwa na nani? Enzi hizo zilikuwa za vita vya mfalme na bunge, kasisi wetu alifukuzwa, na aliyewekwa badala yake aliandika akijisikia tu. Katika miaka ile yote Hester alimpata Robert mmoja tu kitabuni, aliyebatizwa 1641, mtoto wa William Cattermole. Kisha, katika jumba la nyaraka, akapata wosia wa huyo William, na ndani yake mwana anayeitwa Robert.

"Amepatikana?" Lionel alimuuliza kwenye simu.

"Amepatikana."

"Ni wa ukoo ule? Wa kwenye shaba?"

"Bwana Cattermole, mimi sisomi kwa mafungu. Nitasoma yote siku ya mkutano."

Lionel alichukua hilo kuwa ndiyo. Akakodi ukumbi wa kijiji, akaagiza pai za nyama na divai, na akamtafuta mchoraji wa kumwandalia mti wa ukoo juu ya ngozi laini ya kuandikia, wenye matawi ya dhahabu, ukianzia kwa Lionel chini na kwenda juu mpaka kwa Thomas Muungwana. Kati ya Robert na Thomas paliachwa nafasi moja, ya baba yake Robert.

Siku yenyewe tulijaa. Hata Dudley Sporle alikuja, mfuga nguruwe anayepakana na Lionel, ambaye Lionel alikuwa amemshtaki mara kadhaa kwa halmashauri kwa sababu ya harufu. Alivaa tai, akakaa karibu na pai.

Hester akapanda jukwaani, akavaa miwani, akasoma: "Kwa jina la Mungu, amina. Mimi William Cattermole wa Thrandlow, mchota mkojo, mgonjwa wa mwili lakini mwenye akili timamu..."

Mtu akakohoa. Lionel aliendelea kutabasamu, kama mtu aliyesikia vibaya na anangoja kurekebishiwa.

"Mchota nini?" Dudley akauliza, mdomo umejaa.

"Mkojo, Bwana Sporle," Hester akasema. "Watengenezaji wa nguo za sufu waliutumia kufulia kitambaa. Kulikuwa na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kuukusanya. Hapa Thrandlow mtu huyo alikuwa William. Tuendelee?"

Nani angekataa? Akaendelea. William alimwachia mwanawe Robert mapipa sita, mkokoteni, na haki ya kuchota katika nyumba zote za kijiji isipokuwa ya kasisi, "ambaye huongeza maji." Alimwachia mkewe Margery blanketi la sufu, kwa sharti kwamba akiolewa na Peter Fenn, blanketi lirudi. Mstari baada ya mstari. Tangu pale kwenye kasisi, ukumbi ulikuwa umelala chini kwa kicheko. Kasisi wetu wa sasa alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cha meza.

"Haya, Bwana Cattermole!" Dudley alipaza sauti. "Na mimi nashangaa kila siku, huyu bwana harufu yangu inamsumbua nini? Kumbe inamkumbusha nyumbani!"

Lionel alitoka bila kofia. Mchoraji aliukunja mti wake wa dhahabu polepole, akauliza kama bado kuna pai.

Wiki kadhaa hatukumwona. Verity alinunua maziwa peke yake. Tulidhani watauza nyumba, na wengine wetu tulishaanza kuijadili bei. Kisha akaja mwanadada wa redio ya wilaya. Alikuwa amesikia habari za wosia kwa shangazi yake, akagonga mlango wa Lionel na kumwambia kwamba kitu hicho ni kizuri ajabu, kwamba siku hizi kila mtu anajidai ametoka kwa wakubwa, na yeye peke yake amethubutu kusimama na kusema ametoka kwa watu wa jasho.

Lionel hakuwa amethubutu chochote. Lakini mtu akikuvika koti likakukaa, unalivua kwa nini?

Alizungumza redioni dakika nyingi sana. Alisema vyoo vilikuwa damuni mwake, kwamba tangu kijana alihisi wito asioujua. Baada ya wiki mbili lafudhi yake ilianza kubadilika. Alikuja hapa akiongea kama mtu wa benki, sasa akawa anameza maneno kama wakulima wa zamani waliokwisha kufa. Alivaa kofia ya kitambaa na fulana ya sufu yenye tobo, tobo ambalo Verity alituhakikishia kwamba lililetwa na mkasi. Getini akaning'iniza kibao: Nyumba ya Mapipa. Baani alimshika Dudley bega na kumweleza kazi ya mikono ni nini. Dudley, aliyekuwa ameamka alfajiri kumzalisha nguruwe, alimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu bia ilikuwa ya Lionel.

Kiangazi kile ikaanzishwa Siku ya Mapipa. Ilifanyika katika uwanja wa Dudley, kwa kodi, na watu walikuja hata kutoka mji wa Ipswich. Kulikuwa na mbio za kusukuma mapipa, kulikuwa na soseji za Dudley, na kilele chake Lionel alipanda juu ya mkokoteni akasoma wosia kwa sauti ya kutetemeka. Kwenye lile blanketi la Margery alilia. Nilimwona kwa macho yangu. Alilia kweli.

Sasa Hester. Chama kilimwomba aandike makala kamili kwa jarida lake, naye si mtu wa kuchapisha kabla hajarudia kila kitu. Akaenda kusoma kitabu cha mazishi cha parokia ya jirani, ambacho mara ya kwanza hakukigusa kwa sababu aliona amekwisha kumpata mtu wake. Humo akakuta maziko ya mwaka 1666, mwaka wa tauni: Robert Cattermole, mwana wa William mchota mkojo wa Thrandlow, kijana ambaye hajaoa.

Aliulinganisha mwaka ule na ule wa harusi ya Joan. Maiti hawaoi. Basi yule Robert wa Joan alikuwa mtu mwingine kabisa. Akatafuta tena, safari hii mpaka miguu ikavimba, akapata wosia wa mwanamke mmoja mjane, mke wa mjukuu wa Thomas Muungwana, unaomtaja "mwanangu Robert na mkewe Joan." Ilikuwa wazi kama mchana. Lionel alikuwa ametoka kwa muungwana wa shaba, sawasawa na alivyotaka tangu mwanzo. Na mapipa? Wosia wa William ulisema Robert akifa bila mtoto yaende kwa binti yake Alice, mke wa Simon Sporle. Hester, aliyejidai hasomi kwa mafungu, alikuwa ameliruka hilo ukumbini, akiona haliwahusu wenye sherehe.

Alikwenda Nyumba ya Mapipa na karatasi zake. Verity ndiye aliyetuhadithia. Lionel alisikiliza huku amesimama, kofia kichwani.

"Kwa hiyo sisi ni waungwana?" Verity aliuliza, macho yakimng'aa.

"Nyamaza, Verity! Bi Hester, unataka kuninyang'anya babu yangu?"

"Nimekupa mwingine. Tena yule uliyenituma nimlete."

"Simtaki! Amefanya nini huyo? Alizaliwa, akakodisha mashamba, akafa, akapigiliwa misumari sakafuni. William alikuwa mtu! William alijua nani anatia maji!"

"William hakuwa wako, bwana."

"Mimi nimemlilia, wewe!"

Hester alisema baadaye kwamba katika miaka yote ya kufundisha hajawahi kusikia hoja dhaifu kama hiyo, na bado alikusanya karatasi zake akatoka.

Akaenda kwa Dudley, akidhani atafurahi. Alimkuta bandani na ndoo.

"Bwana Sporle, yule mchota mkojo ni babu yako wewe. Kwa upande wa binti."

Dudley akamtazama. "Umemwambia nani?"

"Yeye tu."

"Basi iishie hapo, mama."

"Lakini ni haki yako! Wanamsherehekea babu yako katika uwanja wako mwenyewe."

"Sikiliza. Mimi nikinuka naandikiwa barua na halmashauri. Yeye akinuka anapigwa picha. Ukiniletea huyo babu, yeye ataacha kukodi uwanja, na mimi nitabaki na mkojo wote peke yangu. Una kingine?"

Hester hakuwa na kingine. Lakini hakuwa pia na namna ya kuuacha ukweli ukae kimya, kwa hiyo aliichapisha makala yake katika jarida la chama, na tanbihi chini ya kila ukurasa. Wengi wetu hatukufika kwenye tanbihi. Mkutano ukaitishwa. Kasisi alisema ukweli una sura nyingi, na kwamba sherehe ilikuwa imesaidia sana mfuko wa kanisa. Mwenye baa alisema yeye haelewi mambo ya miaka hiyo, ila anajua jinsi baa inavyojaa. Dudley alipoulizwa kama yeye ni mjukuu wa William, alisema ukoo wao umekuwa wa nguruwe tangu dunia iumbwe.

"Lakini imeandikwa!" Hester alisimama. "Amezikwa! Mnamwozesha maiti!"

"Keti, Hester," tukamwambia, kwa upole kabisa.

Wanachama wakapiga kura. Iliamuliwa kwamba makala ni mchango wa kuheshimiwa, na kwamba William Cattermole abaki babu wa Lionel kwa sasa. Wiki ileile Hester aliuacha ukatibu. Lionel akachaguliwa mwenyekiti, akatoa hotuba kuhusu historia kuwa mali ya watu wa kawaida, na akahamisha mikutano kwenda kwake, ambako kuna vyoo vinne.

Verity hakuisikia hotuba hiyo. Siku hizi kila Alhamisi anavaa viatu vizuri na kwenda kwa Hester. Lionel anaamini anajifunza kufuma sufu, na amekwisha kuwaahidi watu wa redio shuka la mtindo wa kale lililofumwa kwa mkono wake. Kumbe anajifunza kusoma mwandiko wa zamani. Wameanza na wosia za wajane, mmoja baada ya mwingine, kuona nani alimwachia nani nini na nani alinyimwa. Ukipita chini ya dirisha la Hester saa za alasiri utawasikia. Hester anamsahihisha, Verity anasoma upya, kisha wanacheka kwa sauti kubwa mpaka mbwa wa posta anabweka.