Mpini wa Akriliki

Mume wangu ni mbishi, hilo lijulikane mapema. Daktari alimweleza kwa upole kwamba mshipa wa fahamu umebanwa shingoni, na asipopasuliwa haraka mkono wake wa kulia utapooza. Yeye akavaa kofia, akashukuru, akarudi karakanani kutengeneza visu vyake vya kukunja kama mtu aliyetoka kupimwa mafua.

Nilimsihi mpaka mate yakanikauka. Mwishowe, ili tu nimwache apumue, akasema, "Siku nitakayopasua mpini wa akriliki, mama watoto, utanipeleka hospitali wewe mwenyewe."

Alijua anachosema. Mpini wa mpingo au wa pembe ni mvumilivu. Ukikosea kidogo kwa nyundo, unameza kosa na maisha yanaendelea. Akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama peremende, haina simile. Tundu la pini inayoshikiza mpini likibana kidogo tu, gonga moja na ufa unakimbia hadi ukingoni. Miaka yote hiyo mimi nimekuwa nikitoboa, yeye akigonga pini, na hajawahi kupasua hata mmoja.

Lakini sasa vikombe vilikuwa vinamdondoka. Alikuwa anajifanya vimemteleza, na mimi najifanya nimeamini. Kila nilipomwona ameshika patasi nilitaka kupiga yowe.

Ndipo mwalimu jirani yetu akaleta kisu chake kilichovunjika mpini wa mfupa, akataka awekewe wa akriliki nyekundu. Nikabana kibao cha akriliki kwenye jiliwa ili kisicheze, nikashika keekee ya kutobolea. Tundu la kwanza sawa, la pili sawa. La tatu nikalitoboa kwa biti nyembamba zaidi, makusudi. Heri mpini upasuke kuliko mkono ufe, nikajiambia, nikampelekea.

Akaanza kazi. Pini ya kwanza ikakaa, ya pili ikakaa. Na mkono wake, jamani, siku hiyo ulikuwa umetulia kama wa kijana! Nikajiona mchawi. Nilitaka kusema "ngoja kwanza", nikakumbuka vile vikombe. Akaisukuma pini ya tatu kwa kidole gumba, akaichomoa, akaitazama, akairudisha. Kisha akainua nyundo.

Ta! Ufa mweupe ukaupasua ule wekundu mpaka ukingoni.

Akaupitishia ufa kidole gumba, taratibu, nami nikashindwa kuvumilia.

"Mkono wako haujakosea," nikamwambia, machozi yananitoka. "Tundu nimelibana mimi. Nimekuharibia kazi yako kwa makusudi. Nisamehe, baba watoto."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Pini ilikuwa inagoma kuingia. Si umeniona nikiichomoa? Ungekuwa mwanagenzi wangu ningekufukuza."

"Sasa mbona umepiga?"

Akaweka nyundo chini. Akaninyooshea mkono wa kulia, nikaupokea kwa mikono yangu yote miwili. Ulikuwa wa baridi, na kule kutulia kote kulikuwa kumeisha. Vidole vilikuwa vinatetemeka ndani ya vyangu.

"Nimechoka kuogopa peke yangu," akasema. "Twende."