Kioo cha Kushoto

Sheria yenyewe haina mafumbo: tela likizidi gari kwa upana, dereva afunge vioo vya kurefusha, kulia na kushoto, aone ubavu wote wa mzigo mpaka nyuma. Bonge aliijua sheria hiyo kama anavyolijua jina la mama yake. Mdogo wake aliijua vilevile. Wote wawili walikuwa wakivuta matela ya samani, makabati na vitanda, na jozi ya vioo walikuwa nayo moja tu.

Basi wakagawana, kila mmoja kioo kimoja. Askari wa kizuizini husimama upande wa dereva. Huchungulia leseni, huona kioo kirefu kimechomoza kulia, hupunga mkono, haya pita. Nani azunguke kushoto kwenye tope? Miaka miwili waliichezea sheria hivyo, wakajiona wajanja wa mji. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema, ila ya arobaini hii hakulipa mwizi peke yake.

Asubuhi moja Bonge alikata kona kushoto kuingia mtaa wa maduka. Akasikia kishindo kidogo, akadhani gurudumu limepanda ukingo. Kisha mayowe. Alipozunguka tela akakuta baiskeli imejikunja, na ubavuni mwa gurudumu amelala mshonaji wa mtaa ule, mwanamke aliyekuwa akienda kufungua kibanda chake. Alikuwa amekwisha kata roho. Bonge akakaa palepale barabarani.

Mdogo wake alikuwa akimfuata nyuma na tela lake. Watu walipokuwa wameinamia maiti, yeye alichomoa kioo cha gari lake, akaja ubavuni mwa gari la kaka yake, akakifunga kushoto, akakaza skrubu kwa vidole.

"Kaka, usiseme kitu," alimnong'oneza. "Vikiwa viwili, ni ajali. Kikiwa kimoja, ni jela."

Bonge angeweza kusema acha. Hakusema, na hilo ni lake mwenyewe, asije akamsingizia shetani.

Mkaguzi wa magari alifika kabla ya adhuhuri, mama mmoja mpole wa maneno, utepe wa kupimia mkononi. Akapima upana wa tela, akapima mikono ya vioo, akaandika. Mdogo mtu akashusha pumzi. Mume wa marehemu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka, na mpaka hapo hakuwa amemlaumu mtu. Majirani walipomlaani dereva, aliwajibu kwamba yule bwana hakumwona, masikini, ni kazi ya Mungu.

Kisha mkaguzi akapanda kwenye kiti cha dereva. Akamwambia askari asimame pale baiskeli ilipogongwa, halafu hatua tano nyuma, halafu kumi. Alikaa humo kitambo. Aliposhuka, upole ulikuwa umemtoka usoni.

"Kioo cha kushoto kinaonyesha kila kitu mpaka gurudumu la mwisho," alisema. "Tena mchana kweupe. Huyu mama alikuwa ndani ya kioo muda wote. Sasa nijibu: ulimwona?"

Hapo ndipo Bonge alipoelewa kitanzi walichojivisha. Akisema hakumwona, ataulizwa imekuwaje, na jibu ni moja tu: kioo hakikuwapo. Aliyekifunga amesimama pale, baba wa watoto watatu, wa mwisho hajaota hata jino, na kuchezea ushahidi nako ni jela. Alimtazama mdogo wake, angalau amtupie neno. Mdogo wake alikuwa ameinamisha kichwa. Bonge alimkasirikia, tena akamhurumia, maana mdogo huyu Bonge ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, hata usukani ni yeye aliyemshikisha.

"Nilimwona," alisema.

Mume wa mshonaji aliinuka kwenye ngazi, akaja taratibu mpaka mbele yake. Hakumpiga. Bonge alitamani ampige.

"Ulimwona," alisema yule mume, "na bado ukakata kona?"

Mdogo mtu bado alikuwa ameinama.

"Ndiyo," alisema Bonge.

Yule mume alirudi kwenye ngazi, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akalia kwa sauti.